Maji ya Moto Hayachomi Nyumba? Kiswahili na Uchafuzi wa Joto katika Bahari na Maziwa

Wahenga walisema kwamba maji ya moto hayachomi nyumba. Methali hii hutumiwa kumtuliza mtu aliyetishwa kwa maneno makali: vitisho ni vitisho tu, havibomoi ukuta wala haviteketezi paa. Hekima yake haina shaka kwa mwenye nyumba ya mawe au ya udongo. Hata hivyo, nyumba ya changu, ya kamba na ya tasi ni maji yenyewe. Maji hayo yakipashwa joto, nyumba yao imekwisha kuungua ingawa hapakuonekana moshi.

Makala hii inahusu uharibifu wa namna hiyo, yaani kubadilishwa kwa joto la bahari, ziwa au mto, hasa kwa kumwagiwa maji yaliyotumiwa kupozea mitambo. Dai lake kuu ni kwamba uharibifu huu unakosa nafasi katika mijadala ya wananchi kwa kuwa, pamoja na sababu nyingine, haujapewa jina lililozoeleka katika Kiswahili. Kwa hivyo, kuupa jina, kulifafanua na kulieneza ni wajibu wa wasomi wa lugha hii. Wajibu huo hauwezi kuachiwa wahandisi na mawakili peke yao.

Uchafu usioonekana

Inafaa kwanza kueleza jinsi joto linavyofika majini. Mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe au kwa nyuklia huchemsha maji, na mvuke wake husukuma mashine ya kufulia umeme. Kisha mvuke huo hauna budi kupozwa ili ugeuke maji tena na mzunguko uendelee. Katika mitambo ya makaa ya mawe, chini ya nusu ya joto linalotokana na moto ndilo hugeuzwa kuwa umeme. Katika vinu vingi vya nyuklia ni takribani theluthi moja tu. Joto linalosalia ni lazima liende mahali. Njia rahisi kuliko zote kwa mwenye mtambo ni kuvuta maji ya bahari, ziwa au mto, kuyapitisha katika mabomba ya kupozea na kuyarudisha yalikotoka. Mtambo wa megawati 1,000 unaotumia njia hii huhitaji makumi ya mita za ujazo za maji kwa kila sekunde, usiku na mchana. Maji hayo hurudi yakiwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi, mara nyingi kati ya 5 na 10 za Selisiasi, kuliko yalipochukuliwa.

Mtu akisimama ukingoni hataona lolote la kumshtua. Maji hayanuki, hayana rangi, hayana povu la sabuni wala utando wa mafuta. Akitia mkono atayakuta vuguvugu tu, pengine ya kupendeza kuogea. Hapo ndipo ugumu wa suala hili unapoanza, kwa maana macho na pua, ambavyo ndivyo vipimo vya uchafu vya kila siku, havina ushahidi wa kutoa.

Ushahidi uko ndani ya mwili wa samaki. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyopungukiwa na uwezo wa kuishika. Maji baridi yasiyo na chumvi, yenye nyuzi 20, yanaweza kushika takribani miligramu 9 za oksijeni katika kila lita. Yakifika nyuzi 30 uwezo huo hushuka hadi miligramu 7.6 hivi. Wakati huohuo, joto huuchochea mwili wa samaki utumie oksijeni nyingi zaidi, kwa kuwa samaki walio wengi hawana uwezo wa kudhibiti joto la miili yao. Kwa kipimo cha jumla, shughuli za mwili huongezeka karibu maradufu joto linapopanda kwa nyuzi 10. Mahitaji yanapanda huku akiba ikishuka. Aliyewahi kuishi kwa mshahara usiobadilika katika mwaka wa bei kupaa hahitaji kueleza zaidi.

Kwa nini maji ya Afrika Mashariki yana hatari zaidi

Kuna wanaodai kwamba maji vuguvugu ni neema, wakitoa mifano ya nchi za baridi ambako samaki hukusanyika kwenye midomo ya mifereji ya mitambo wakati wa kipupwe. Mifano hiyo ni ya kweli. Huko Florida, Marekani, hata nguva wamezoea kukimbilia maji ya mitambo ya umeme baridi inapozidi. Hata hivyo, mfano huo huo una onyo ndani yake: kiumbe aliyezoea joto la mtambo huwa mateka wa mtambo, na ukizimwa ghafla wakati wa baridi yuko hatarini kufa.

Isitoshe, hoja hiyo haisafiri vizuri ikiletwa kwenye ikweta. Samaki wa bahari ya baridi ana nafasi kubwa kati ya joto alilozoea na joto linaloweza kumuua. Viumbe wengi wa maji ya tropiki huishi karibu na kikomo chao cha juu mwaka mzima, na nyuzi chache tu zinatosha kuwavusha. Matumbawe ndiyo shahidi bora. Joto la maji likizidi lile la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi moja tu na kubaki hivyo kwa majuma kadhaa, matumbawe huwatoa vijimwani wanaoishi ndani yake na kuyalisha, nayo hubaki meupe na huenda yakafa. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kutokana na El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe katika pwani ya Kenya iliangamia. Joto la mwaka huo halikutoka katika bomba la mtu yeyote, lakini lilionyesha bayana jinsi nafasi iliyosalia ilivyo finyu. Kuongeza joto la mtambo juu ya bahari ambayo tayari inapata joto pamoja na dunia nzima ni kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kupiga magoti.

Huenda msomaji akauliza: mbona katika Ziwa Magadi kuna perege wanaoishi katika maji yenye joto linalofikia nyuzi 40 na zaidi? Ni kweli, na ni fahari ya Kenya. Lakini perege wa Magadi ni kizazi cha maelfu ya miaka ya mazoea, na ndugu zake walioshindwa kuzoea hawapo leo kusimulia. Mtambo hauwapi samaki wa Manda au wa Winam maelfu ya miaka. Unawapa siku ya kuwashwa kwake.

Walimwengu wamekwisha kuyaona haya. Katika ghuba ya Biscayne huko Florida, mtambo wa Turkey Point ulimwaga maji ya moto ghubani mwishoni mwa miaka ya 1960, na nyasi za baharini zilizokuwa mbele ya mfereji zikafa. Mwaka 1970 serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani, na hatimaye kampuni ikalazimika kuchimba mifereji ya kupozea inayofikia jumla ya kilomita 270 hivi ili maji yasirudi ghubani moja kwa moja. Miaka mingi baadaye mifereji hiyo nayo ilileta shida yake, kwa kuwa maji yaliyozidi chumvi yalipenya chini ya ardhi. Nchini Ufaransa, wimbi la joto la mwaka 2003 liliipasha mito kiasi kwamba baadhi ya vinu vya nyuklia vilipunguza uzalishaji na vingine vikapewa ruhusa maalumu ya kumwaga maji yaliyopita kiwango cha kawaida cha joto. Mifano hii miwili inafundisha kwamba joto likishazalishwa halifutiki. Huhamishwa tu, na swali huwa ni nani atakayehamishiwa.

Lamu, Uyombo na Siaya

Nchini Kenya suala hili lilipiga hodi kwanza huko Lamu. Mwaka 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira iliidhinisha mradi wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa bara. Mtambo huo ungepozwa kwa maji ya bahari. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia tangu mwaka 2001. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, visiwa hivyo havihitaji kutambulishwa. Ndiko alikoishi Mwana Kupona binti Msham, na ndiko ulikozaliwa utenzi wa Al-Inkishafi. Hakuna idara ya Kiswahili isiyozisoma tungo hizo. Ni ajabu basi kwamba ni wachache katika idara hizo waliouliza kuhusu maji yanayovizunguka visiwa vilivyozizaa.

Wakazi wa Lamu hawakungoja wasomi. Walipeleka malalamiko yao mbele ya Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ya mradi ikafutwa. Sababu moja kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi, na ripoti ya athari za mradi ilipokamilika hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuielewa na kuijibu. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi iliitupilia mbali rufaa ya kampuni. Uamuzi huo haukusimama juu ya lugha pekee, na haitakuwa haki kuupa maana isiyokuwa yake. Hata hivyo, unaacha swali ambalo mwanaisimu hawezi kulikwepa: je, kuelewa ripoti kunawezekanaje ikiwa ripoti imeandikwa kwa lugha ambayo wengi wa waathiriwa hawaisomi?

Swali hilo halikuishia Lamu. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia karibu na hori ya Mida na bahari ya Watamu. Mwaka 2025 macho ya serikali yaligeukia Kaunti ya Siaya, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Bahari Hindi ina kupwa na kujaa, ina kusi na kaskazi, na maji yake hutembea. Ghuba ya Winam ni maji yaliyofungika, yenye kina kifupi, na ambayo tayari yanasumbuliwa na magugu na maji taka. Mnamo Novemba 2022 samaki wengi waliofugwa katika vizimba vya ghuba hiyo walikufa kwa kukosa oksijeni. Namna ya kupozea kinu huko, kwa hivyo, si jambo dogo la kiufundi la kuachiwa kurasa za mwisho za ripoti. Kuna minara ya kupozea ambayo hupunguza sana joto linalorudi ziwani, ingawa gharama yake ni kubwa na maji mengi hupotea kwa mvuke. Ni sharti mvuvi wa omena na mama anayemuuza ajue kwamba hiari hiyo ipo, ili aweze kuuliza ni ipi itakayochaguliwa na kwa nini.

Sheria ina neno, wananchi hawana

La kushangaza ni kwamba sheria ya Kenya haikulisahau joto. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inapofasili uchafuzi inataja mabadiliko ya sifa za joto za mazingira sambamba na yale ya kikemikali na ya kibiolojia. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka hata kipimo: maji yanayomwagwa katika mazingira yasitofautiane na joto la mahali hapo kwa zaidi ya nyuzi 3. Kipimo hicho kilitazama pande zote mbili, joto na baridi, kwa maana hata maji baridi mno yakifunguliwa ghafla kutoka kina cha bwawa huweza kuwadhuru samaki wa mto.

Aidha, Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya katika Kifungu cha 42, na kila raia haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 zilitaka tangazo la mradi lisomwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji. Kwa ufupi, mwananchi ana haki ya kuambiwa kwa lugha anayoielewa kwamba kuna mradi. Lakini yaliyomo ndani ya mradi huo, ikiwemo aya inayoeleza ni nyuzi ngapi zitakazoongezwa baharini, huendelea kukaa katika Kiingereza cha wataalamu.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba wakalimani huwepo mikutanoni. Jibu hilo ni jepesi mno. Mkalimani hawezi kutoa mfukoni asichonacho. Chukulia kwamba mtaalamu ameeleza kwa Kiingereza kuwa maji yatakayorudishwa baharini hayatakuwa na kemikali yoyote ila yatakuwa na joto la ziada. Mkalimani asiye na istilahi atasema kwamba maji yatakuwa safi, ya moto kidogo tu. Hajasema uongo. Lakini mvuvi aliyeketi mbele yake amesikia neno "safi", na neno hilo limefunga mjadala. Sheria iliyotambua joto kama uchafuzi imepotelea njiani, kati ya kinywa cha mmoja na sikio la mwingine.

Neno lilikuwepo nyumbani

Ugumu unaotajwa mara nyingi ni kwamba "uchafuzi" hutokana na "uchafu", na uchafu ni kitu kinachoonekana: taka, matope, kinyesi, mafuta. Kwa mantiki hii, kusema "uchafuzi wa joto" ni kama kusema "taka za kivuli". Hoja hii ina uzito kwa anayekisoma Kiswahili katika kamusi pekee. Inaporomoka mara tu anapokisikiliza kikisemwa.

Nahodha anaposema kwamba bahari imechafuka, hana maana kwamba imejaa taka. Anamaanisha kwamba mawimbi yameinuka, upepo umegeuka na bahari imetoka katika hali yake ya kusafirika. Vivyo hivyo mtu husema tumbo limemchafuka, roho imemchafuka, au hali ya hewa imechafuka. Katika matumizi yote haya, kuchafuka ni kutoka katika utaratibu, ni kuvurugika kwa hali iliyokuwa imetulia. Hiyo ndiyo maana hasa ambayo sayansi ya mazingira inaihitaji. Bahari iliyopandishwa nyuzi 8 mbele ya mdomo wa mfereji imechafuka kwa maana halisi ya Kiswahili cha mabaharia, hata kama maji yake yanang'aa kama kioo. Lugha haikupungukiwa na wazo. Ni wasomi wake walioazima maana finyu ya neno na kulisahau neno lilivyo nyumbani kwake.

Kwa msingi huu, istilahi "uchafuzi wa joto" inafaa, mradi ifafanuliwe kwa kuutumia mfano wa bahari iliyochafuka. Yapo mambo matatu ya kuangaliwa. Kwanza, isichanganywe na "ongezeko la joto duniani", ambalo ni tukio jingine kubwa zaidi, ingawa yote mawili hukutana katika maji yale yale. Pili, "halijoto" itumiwe kwa kipimo na "joto" kwa nguvu yenyewe, ili isemwe kwamba halijoto ya ghuba imepanda kwa sababu joto la mtambo limemwagwa humo. Tatu, usemi "maji ya moto" uepukwe panapowezekana. Anayeambiwa maji ya moto hutarajia maji yanayochemka. Akiyakuta vuguvugu ataona ametishwa bure na kuikumbuka methali. Kiswahili kina ngazi zake za joto, na "maji vuguvugu" ndiyo yanayosema ukweli: hayamuunguzi mwanadamu, lakini yanatosha kumfukuza samaki.

Pingamizi na majibu

Yapo mapingamizi yanayostahili kusikilizwa kwa heshima. Wapo watakaosema kwamba Kenya inahitaji umeme, na kwamba kijiji kilicho gizani hakina muda wa kujadili oksijeni ya kamba. Ni kweli umeme unahitajika. Lakini makala hii haidai kwamba mitambo isijengwe. Inadai kwamba gharama yake itajwe yote, na itajwe kwa wale watakaoilipa. Huko Olkaria umeme mwingi hupatikana kutokana na joto la ardhini, na maji ya moto hurudishwa chini ya ardhi kupitia visima badala ya kuachiliwa yaende kokote. Nayo kazi hiyo ina gharama, lakini hufanywa. Kama inawezekana kwa maji ya Naivasha, ni haki mwenyeji wa Siaya au Kilifi aulize ni njia gani itakayotumiwa kwake.

Wengine watasema kwamba bahari ni kubwa mno kudhurika kwa mfereji mmoja. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tasi anayelisha kwenye nyasi za baharini haishi katika Bahari Hindi nzima. Anaishi katika ghuba yake, na mvuvi wa mtumbwi usio na mashine hawezi kumfuata popote atakapokimbilia. Ukubwa wa bahari ni faraja kwa mwenye meli.

Kisha wapo, hata ndani ya idara za Kiswahili, watakaosema kwamba kazi ya mwanafasihi ni fani na maudhui, na ya mwanaisimu ni fonolojia na sintaksia. Mambo ya nyuzi na oksijeni yaachiwe wenyewe. Dai hili linasahau historia. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na hakuna aliyeilaumu kwa kuingilia maabara za watu. Kazi ya istilahi imekuwa kazi ya Kiswahili tangu kilipoanza kusanifishwa. Kilichopungua si mamlaka ya kuifanya. Kilichopungua ni mazoea ya kutoka na istilahi hizo vitabuni na kuzipeleka zinakohitajika, yaani barazani, bandarini na mahakamani.

Kazi iliyopo

Ni yapi basi yanayowezekana bila kungoja fedha nyingi wala sheria mpya? La kwanza ni tafsiri. Ripoti za athari za mazingira huwa na muhtasari ulioandikwa kwa ajili ya wasio wataalamu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina vijana wanaosomea tafsiri na ambao huhitaji kazi za mafunzo kila mwaka. Kuufasiri muhtasari mmoja wa mradi wa pwani au wa ziwani chini ya uangalizi wa mhadhiri, na kuukabidhi kwa jamii husika kabla ya mkutano wa hadhara, ni zoezi lenye thamani kuliko kufasiri kwa mara ya ishirini kifungu kile kile cha kitabu cha kozi.

La pili ni ukusanyaji. Wavuvi wa Lamu, Kilifi na Vanga wana msamiati wa maji ambao haujaingia wote katika kamusi: majina ya nyakati za bamvua na maji mafu, ya mikondo, ya mahali pa kina na pa kasa, na ya jinsi maji yanavyobadilika ngozini kulingana na msimu. Msamiati huo ni ushahidi. Mvuvi anayeweza kusema kwa jina lake kwamba maji ya mahali fulani hayakuwa hivi msimu uliopita ni mpimaji wa halijoto aliyetangulia mtambo. Ukipotea msamiati wake, kinachosalia ni vipimo vya kampuni peke yake.

La tatu linawahusu wahakiki. Uhakiki wa kimazingira umeanza kushika mizizi katika tasnifu za vyuo vikuu, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mara nyingi huishia kwenye msitu uliokatwa na taka zilizotupwa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonekana katika maandishi. Mtafiti atakayeuliza jinsi fasihi ya Kiswahili inavyoyasawiri madhara yasiyoonekana, kama joto, sumu au mionzi, atakuwa amefungua uwanja mpana. Mwandishi mchanga atakayeandika hadithi ya ghuba inayokufa huku maji yake yakibaki maangavu atakuwa ametenda ambalo ripoti kumi haziwezi.

Haya yote hayatamzuia mwenye nguvu aliyeamua kutosikia. Neno peke yake halijawahi kufunga mfereji. Lakini wakazi wa Lamu walishinda mwaka 2019 kwa kuuliza maswali na kudai wajibiwe, na swali haliulizwi bila maneno ya kuulizia. Siku mkutano utakapoitishwa kando ya Ziwa Victoria, na mtaalamu akasimama kusema kwamba maji yatakayorudi ziwani ni safi, inafaa awepo mtu wa kawaida wa kunyoosha mkono na kumuuliza kwa Kiswahili kilichonyooka: yatakuwa na halijoto ya nyuzi ngapi, mbele ya mfereji na umbali gani kutoka hapo, katika mwezi gani wa mwaka, na ni nani atakayepima? Kumwandaa mwananchi huyo ni kazi ya Kiswahili, na wakati wake ni kabla ya mkutano kuitishwa.